Redio moja, masikio mengi
Somo la kutumia redio ya mkononi kwa usalama: kwa familia za wakimbizi wa ndani, kamati zao na viongozi wao



Kamati za wakimbizi wa ndani tunazozitembelea hapa Kisangani zinatuuliza mara kwa mara: je, redio ndogo za mkononi, zile ambazo wengi wanaziita Motorola hata kama hazikutengenezwa na kampuni hiyo, zinaweza kutusaidia? Jibu letu ni ndiyo, lakini si kwa kila kazi, wala si kwa kila kamati. Redio hii hutoa sauti moja na kuiingiza katika masikio mengi: ya rafiki, ya jirani, ya askari, na ya mtu tusiyemjua. Kamati inayokumbuka hilo inaweza kuokoa watu. Kamati inayolisahau inaweza kuwatia watu hatarini bila kukusudia.

Somo hili linaweza kufundishwa kwa vikao viwili. Kama hamna redio bado, msingoje. Chukueni vipande viwili vya mti na mfanye mazoezi. Kazi kubwa iko katika makubaliano ya watu kuliko katika mashine.

1. Kwa nini redio, wakati tuna simu?

Kisangani ni mji wa mto. Komini za Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani ziko ukingo wa kulia. Lubunga iko peke yake ukingo wa kushoto. Mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipogeuka kuwa mapigano mwezi wa Februari 2023, familia nyingi zilikimbia nyumba zao upande wa Lubunga. Wengine walivuka mto na kuacha wazee, mashamba na kuku ng'ambo. Tangu siku zile, kwa familia hizo swali la asubuhi limekuwa lilelile: "Kule kukoje leo?"

Simu hujibu swali hilo vizuri, kama kuna mtandao, kama kuna yuniti, na kama batri ina moto. Lakini simu huongea na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Redio ya mkononi haihitaji yuniti wala mnara. Mtu mmoja akiongea, kamati zote zilizo kwenye chaneli hiyo zinasikia mara moja.

Historia yetu inaonyesha ubaya wa kukosa habari. Wazee wa mji wanakumbuka tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya Kisangani na raia zaidi ya 700 wakauawa. Mfano mwingine ni wa Haut-Uele, ambako hadi mwaka 2015 kulikuwa pamoja nasi katika mkoa mmoja wa Orientale, na makao makuu hapa Kisangani. Kuanzia tarehe 14 hadi 17 Desemba 2009, wapiganaji wa LRA walishambulia vijiji vya eneo la Makombo. Waliua raia wasiopungua 321 na kuteka zaidi ya 250. Dunia haikujua ukubwa wa mauaji hayo mpaka Machi 2010, ripoti ya Human Rights Watch ilipotoka. Ilichukua miezi mitatu.

Baada ya hapo, Kanisa Katoliki kupitia Tume ya Haki na Amani, pamoja na mashirika kama Invisible Children na Catholic Relief Services, walisaidia kueneza foni katika vijiji vya Uele. Foni ni redio kubwa inayotumia waya mrefu wa antena na batri ya gari au sola, na sauti yake hufika mamia ya kilomita. Kila asubuhi na kila jioni vijiji viliitana na kupeana habari za usalama. Tunajifunza mambo mawili hapo. Kwanza, walikuwa na saa maalumu ya kuitana, hivyo kimya cha kijiji kimoja kilikuwa habari tosha ya kuuliza kuna nini. Pili, walioshika foni walikuwa watu wanaoaminika na majirani zao.

2. Inafanya nini, na haifanyi nini

Redio ya mkononi ni mdogo wake foni. Haifiki mbali. Nguvu yake kwa kawaida haizidi wati 5, na sauti yake husafiri karibu na mstari ulionyooka. Katikati ya nyumba za mji itafika kilomita moja hadi tatu hivi. Ndani ya msitu mnene itafika chini ya hapo. Juu ya mto, ambako hakuna kizuizi, itafika mbali zaidi. Kwa hiyo:

- Kama hausikiki, usipige kelele. Sogea. Toka nje ya nyumba, mbali na mabati, au panda mahali palipoinuka. Hatua kumi zinaweza kutosha.
- Shika redio wima, antena ikiangalia juu. Ukiilaza, sauti inapungua.
- Usiibebe kwa kushika antena, wala usibonyeze kitufe cha kusemea kama antena haipo. Redio inaweza kuungua ndani.
- Pima kabla ya siku ya hatari. Mtu mmoja akae kituoni, mwingine atembee na redio, na waandike katika daftari: hapa nasikika, hapa sisikiki. Hiyo ndiyo ramani yenu.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko yote: redio haimwokoi mtu. Anayemwokoa ni yule anayejibu. Kabla ya kuwaambia familia "mkipata shida, tuiteni", kamati ihakikishe kuna mtu upande wa pili, usiku na mchana, na kwamba mtu huyo anajua amwite nani: muuguzi, chefu wa mtaa, mwenye mtumbwi wa mota. Redio isiyo na wa kujibu ni ahadi ya uongo.

3. Makubaliano kabla ya kubonyeza

Kabla ya kuwasha redio, kamati ikae chini na kuandika majibu ya maswali haya.

Tuna ruhusa? Nchini mwetu mawasiliano ya redio yanaongozwa na Sheria Namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, na masafa ya redio yanasimamiwa na mamlaka ya ARPTC. Usinunue redio sokoni na kuanza kuongea. Pitia shirika linaloziombea kibali, na uwe na nakala ya karatasi hiyo. Chefu wa mtaa na mkuu wa komini wajue redio ni ngapi, ziko kwa nani, na ni za kazi gani. Redio inayojulikana ina ulinzi. Redio iliyofichwa, siku itakapoonekana, itaitwa ya mpelelezi.

Nani atashika? Chagueni watu wawili kwa kila redio, mama mmoja na baba mmoja ikiwezekana, ili mama mwenye shida asilazimike kumweleza mwanaume asiyemjua. Wawe watu wenye hasira fupi? Hapana. Wawe watulivu, wanaotunza siri, wasio na kazi ya kisiasa wala ya kubeba silaha. Redio si zawadi ya kiongozi, na haitembei kwenda kwenye bia.

Upande wa pili nao wanazo? Hili ndilo swali la amani. Kama redio ziko kwa jamii moja tu, jamii nyingine itaziona kama silaha, hata kama hamkuwa na nia hiyo. Tunashauri redio zigawanywe kwa pande zote, ziwe kwenye chaneli moja, na kanuni zilezile zisomwe mbele ya wote. Kama upande wa pili haujakubali, ngojeni. Afadhali kuchelewa mwezi mmoja.

Tutaongea lugha gani? Kisangani ni mahali Kiswahili na Kilingala vinapokutana, na Kifaransa kiko juu yake. Chagueni lugha moja ya redio, inayoeleweka na wote walioshika. Msitumie kilugha cha jamii moja hewani. Hata ukisalimia shangazi yako tu, mwingine anayesikia bila kuelewa atajaza mwenyewe maana anayoiogopa.

Tutaitana saa ngapi? Wekeni saa mbili kwa siku, kwa mfano asubuhi na jioni. Kituo kinaita kila redio kwa zamu. Yule asiyejibu mara mbili anatafutwa kwa simu, au kwa mtu wa toleka na baiskeli yake.

4. Namna ya kuongea

Kila redio ipewe jina la kazi, si jina la mtu. Hapa tunatumia "Kituo" na "Mto 1", "Mto 2", "Mto 3". Orodha ya majina hayo chefu wa mtaa awe nayo.

Fuateni hatua hizi:

- Sikiliza kwanza. Kama wengine wanaongea, ngoja. Watu wawili wakibonyeza pamoja, hasikiki hata mmoja.
- Fikiria maneno yako kabla ya kubonyeza. Kama ni marefu, yaandike.
- Weka redio mbali na mdomo kwa upana wa vidole vitatu au vinne.
- Bonyeza kitufe, hesabu "moja" moyoni, ndipo uongee.
- Taja kwanza unayemwita, halafu wewe ni nani.
- Ongea polepole kwa sauti ya kawaida, sentensi fupi. Baada ya sentensi mbili au tatu achia kitufe, ili mwenye dharura apate nafasi.
- Anayepokea arudie habari kama alivyoisikia. Bila kurudia, hakuna uhakika.

Wanaotumia foni mjini wamezoea maneno ya Kifaransa kama "bien reçu" na "terminé". Si vibaya. Lakini kama si wote wanayajua, chagueni ya Kiswahili: "nangoja jibu" kwa kumpa mwenzako nafasi, "nimepokea", "rudia", "subiri", na "mwisho".

Mfano:

"Kituo, Kituo, hapa Mto 2. Nangoja jibu."
"Mto 2, hapa Kituo. Nakusikia. Sema."
"Mama mjamzito ana uchungu. Tunahitaji mtumbwi wa mota. Tuko tayari kwenye bandari yetu. Nangoja jibu."
"Nimepokea: mama mjamzito ana uchungu, mtumbwi wa mota, bandari yenu. Mtumbwi unaondoka sasa. Subiri hapo."
"Nimepokea. Mwisho."

Neno "DHARURA" likitamkwa mara tatu, wengine wote wanyamaze na kuiachia chaneli. Neno hilo lisitumiwe kwa mchezo hata siku moja.

5. Mitego ya Kiswahili hewani

Vitabu vingi vya redio viliandikwa kwa lugha nyingine, kwa hiyo havitaji mitego ambayo ni ya lugha yetu.

Mtego wa kwanza ni neno "si". Katika Kiswahili, kukanusha kunakaa mwanzoni mwa neno: hakuna, hawapo, hatuendi. Na mwanzo wa neno ndio unaopotea mtu akiongea kabla kitufe hakijashika vizuri. "Hakuna watu barabarani" husikika "kuna watu barabarani". "Hawapo" huwa "wapo". Silabi moja imeanguka, na maana imegeuka kabisa. Kwa hiyo, msianze sentensi kwa kukanusha. Tumieni maneno yasiyofanana: "Njia ni salama" au "Njia imefungwa". "Mtoto amepatikana" au "Mtoto bado anatafutwa".

Mtego wa pili ni hesabu. Sita na tisa zinafanana hewani, nne na nane vilevile. Watu 6 wakiwa 9, mtumbwi utazidiwa. Tamka tarakimu, kisha ongeza maneno: "sita, inayofuata tano", "tisa, kabla ya kumi". Namba ya 49 iseme "nne, inayofuata tatu, halafu tisa, kabla ya kumi".

Mtego wa tatu ni saa. Kwa Mswahili, saa mbili ya asubuhi ni ile ambayo Mfaransa anaiita saa 8. Mwenye kuhesabu kwa Kilingala au Kifaransa anaweza kuelewa saa nyingine kabisa. Chagueni hesabu moja, muiandike kwenye karatasi iliyobandikwa kituoni.

Mtego wa nne ni majina ya vijiji yanayofanana. Litamke kwa herufi, kwa kutumia miji tunayoijua wote. Kwa mfano Lindi: L kama Lubunga, I kama Isangi, N kama Niangara, D kama Dungu, I kama Isangi.

Haya si mageni kwa watu wa mto huu. Mababu wa Walokele walikuwa na lokole, ngoma ya mti inayopeleka habari kwa sauti ya juu na ya chini tu. Mmisionari John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu, karibu na mji wetu, aliandika kitabu kuhusu ngoma hizo mwaka 1949. Alieleza kwamba neno la mwezi na neno la kuku yana sauti zilezile kwenye ngoma. Basi mpigaji hakupiga neno peke yake. Aliongeza maneno: mwezi ule unaotazama dunia chini, au kuku yule mdogo anayelia. Wazee walijua kwamba habari ya mbali ikikatwa kuwa fupi mno, inapotea. Kusema "sita, inayofuata tano" ni kufuata njia yao.

6. Yale yasiyosemwa

Lokole ilisikiwa na kila kijiji kando ya mto. Redio nayo ni hivyo hivyo. Wengine wanaambiwa na wauzaji kwamba redio yao ina "chaneli ya siri". Namba hizo za siri huzuia wewe usisikie wengine. Hazizuii wengine wasikusikie wewe. Chukulieni kwamba kila neno linasikiwa na mtu ambaye hamkumwalika.

Wengine wanataka kutunga mafumbo. Hatushauri hivyo. Askari akisikia "ndizi saba zimeiva" atadhani ni mpango wa vita. Njia bora si kuficha maneno, bali kutoyasema kabisa. Yapelekeni kwa miguu.

Hayasemwi kwenye redio:

- Jina la kabila. Usiseme "Wambole wanakuja" wala "Walengola wamechoma". Sema kilichotokea na mahali. Jina la kabila hewani linageuza kosa la watu watano kuwa kosa la watu wote, na jirani asiye na hatia ndiye atakayelipa usiku huo.
- Mahali familia zilikojificha, idadi yao, na njia watakayopita.
- Safari ya fedha, chakula cha msaada au dawa.
- Jina la mgonjwa, au la mama aliyetendewa ukatili wa kijinsia.
- Jina la mtoto aliyepotea na mahali alipo. Sema tu: "Mtoto amepatikana, wazazi wanaotafuta wafike kituoni", na hapo kituoni mzazi aulizwe maswali kabla ya kukabidhiwa.
- Habari za askari: wako wangapi, wana silaha gani, wanaelekea wapi. Anayesema hayo anaacha kuwa raia machoni pa wenye silaha, na anavuta hatari juu ya kamati yote. Kwa usalama wa njia, "Njia imefungwa" inatosha.

Na uvumi? Siku ya hofu, mtu atabonyeza na kusema "Wanakuja!" Mwenye Kituo asirudie neno hilo. Aulize maswali matatu: Umeona kwa macho yako, au umeambiwa? Wapi, na saa ngapi? Nani mwingine ameona? Kisha aite redio ya upande wa pili na kuuliza wazi: "Tumesikia kuna shida karibu nanyi. Hali ikoje?" Hapo ndipo faida ya kugawa redio kwa pande zote inapoonekana. Mara nyingi jibu linaweza kuwa kwamba walikuwa wawindaji, au vijana wa msiba. Na kama ni kweli, wote wawili wamejua pamoja, na wote wanaweza kuwaita wazee wao. Kusikia sauti ya yule unayemwogopa akikujibu kwa utulivu ni hatua ndogo, lakini ni hatua.

Ila kama hatari inaonekana kwa macho, familia ziondoke kwanza. Maswali yatafuata. Hatuwezi kuwaambia watu wakae wangoje uhakika wakati nyumba zinaungua.

7. Usalama wa aliyeshika redio

- Barabarani, usiifiche mwilini. Iwe imezimwa ndani ya mfuko, pamoja na karatasi ya kibali. Kwenye barieri, eleza mapema: "Nina redio ya kamati, na hii ni karatasi yake." Usiongee nayo mbele ya askari.
- Mwenye silaha akiitaka, mpe. Hakuna redio yenye thamani ya mtu. Halafu toa habari haraka kwa mtu mwingine wa kamati ili wote wabadilishe chaneli au wanyamaze, kwa sababu sasa redio hiyo ina masikio mengine.
- Mapigano yakianza na pande zinatafuta wapelelezi, kamati iwe na haki ya kuzima redio zote na kuzirudisha kwa shirika. Amueni mapema ni nani atakayesema "zimeni".
- Radi ikipiga, kama kawaida ya mvua zetu, usisimame uwanjani au ndani ya mtumbwi na redio. Kama kituo kina antena ya juu ya paa, ichomoeni kabla ya mvua.
- Usibonyeze kitufe karibu na wauza petroli, wala unapomimina mafuta kwenye mota.
- Ukiona bomu au kitu cha vita kilichosahaulika ardhini, usiongee na redio hapo. Rudi kwa njia uliyojia, ufike mbali, ndipo utoe habari.
- Usiguse antena wakati wa kuongea. Inaweza kuunguza ngozi.
- Usikalie redio. Kitufe kikikandamizwa mfukoni, chaneli yote inafungwa na hakuna anayeweza kuomba msaada, na mazungumzo ya nyumbani kwako yanasikiwa mji mzima.

Kuhusu batri: redio hula moto kidogo inaposikiliza, na hula mwingi inapoongea. Watengenezaji hupima batri kwa kudhani kwamba katika kila dakika 100, redio huongea 5, hupokea 5, na hunyamaza 90. Mwenye kupiga hadithi atabaki bila moto jioni. Tumieni chaja ya redio yenyewe, chajini mkiwa na sola mchana, na batri ya pili iwe imejaa daima. Unyevu wa Kisangani ni adui mwingine. Redio iliyolowa izimwe, batri itolewe, ifutwe na kukaushwa kivulini kabla ya kuwashwa tena. Mwishowe, daftari: kila habari iandikwe, saa, nani amesema, nani amejibu. Siku ya lawama, daftari litaongea kwa niaba yenu.

Zoezi la kikundi

Watu kumi wakae duara, migongo yao ikielekea ndani ili wasionane. Wawili wana "redio" za mti. Mwalimu anampa wa kwanza habari iliyoandikwa: "Hakuna mtumbwi leo. Watu 9 wanangoja. Tutavuka kesho saa mbili asubuhi." Aitume huku mwalimu akipiga makofi mara moja juu ya silabi ya kwanza. Wengine waandike walichosikia, na wasome kwa sauti. Kisha atume tena kwa kanuni za sehemu ya 4 na ya 5. Linganisheni.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wetu, ni habari gani zilitufikia zikiwa zimechelewa? Je, redio ingesaidia, au tulikosa mtu wa kujibu?
2. Ni nani hapa anayeaminiwa na Wambole na Walengola, na wenyeji na wakimbizi, kiasi cha kukabidhiwa redio?
3. Kama tungesikia jina la kabila letu likitajwa vibaya hewani, tungefanya nini dakika ile ile? Tunataka kamati ifanye nini?
4. Nani ana mamlaka ya kusema "zimeni redio"? Kama hayupo, ni nani anayefuata?

Tunashauri majibu ya swali la pili na la nne yaandikwe na kusomwa mbele ya wote kabla ya redio ya kwanza kutolewa kwenye boksi lake. Kama kikundi hakijapata majibu, betri zikae zinachaji na kikao kirudiwe wiki inayofuata.